Video ya Mfereji

Hapana, mwalimu, ngoja nikukatize hapo. Simu haikumharibu huyo mtoto. Na si mgonjwa. Ukisema tena ni mgonjwa nitakurudishia hizi karatasi zako hivyo zilivyo, uende mpaka Nyeri mjini wakupigie fotokopi huko.

Hivyo ndivyo nilimjibu yule mzee, mwalimu mstaafu, mbele ya wateja wawili, kwa kibanda yangu hapa Giakanja. Mimi hupiga fotokopi, hupiga picha za pasipoti, huchaji simu za watu na huuza bando za intaneti. Mzee alikuwa ameleta karatasi za kikundi yao ya kahawa, akanipata nimesimamisha simu kwa stendi yake ya chuma, narekodi mikono yangu ikifunga kamba ya kiatu. Akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia namfundisha mtoto wa dada yangu, ako Kerugoya, ako na usonji. Akacheka. Si kicheko kibaya sana, lakini mimi kicheko kidogo hunitosha.

"Kairitu," akasema, kwa sababu kwake kila msichana ni kairitu hata akiota mvi, "nimeshika chaki maisha yangu yote. Mtoto hufundishwa na mtu. Simu haina macho ya kumwona."

"Na wewe na macho yako yote mawili, ulifundisha wangapi wa aina yake?"

"Wakati wetu hao hawakuwa."

"Walikuwa. Walifungiwa nyumbani."

Akageuza kofia yake kwa vidole. "Wewe shule ulifika wapi?"

"Kidato cha pili. Unataka kopi ngapi?"

Wateja wakacheka, na mzee akacheka pia, na mimi nikabaki na hasira yangu peke yangu, hakuna mtu wa kuigawa naye. Nilikaa nayo mpaka nikafunga kibanda. Mimi ukinitukana nitakujibu kisha nisahau. Ukimgusa mtu wangu, kesho nitakuwa bado najibu, nikikamua ng'ombe, nikiosha sufuria, naongea na ukuta.

Na ukuta ndio nilikuwa nao. Zamani tulikuwa wanne kwa hiyo nyumba: mum, dada yangu mkubwa, mtoto wake, na mimi. Mtoto hakuwa anaongea. Hata sasa haongei, sauti ako nayo, ya kuimba na ya kupiga nduru, lakini maneno hapana. Akitaka kitu alikuwa anachukua mkono yangu, anaibeba kama kijiko, anaiweka juu ya hicho kitu. Kikombe. Mlango. Kichwa ya paka. Hakuwa ananiangalia usoni. Wageni walikuwa wanasema, "Huyu hata hajui wewe ni nani." Mikono yangu alikuwa anaijua. Kukiwa na watu kumi wameketi, alikuwa anapita wote mpaka kwa mkono yangu. Sikuhitaji aniangalie.

Halafu dada akapata kazi Kerugoya, kwa duka ya mabati na misumari, na karibu na hiyo duka kuna shule ya msingi iko na yuniti ya watoto kama wake. Mwalimu aliyesomea hiyo kazi, watoto kumi na mmoja tu. Huku kwetu hakuna. Sasa mtu mwenye akili anakataa hiyo? Dada akaenda na mtoto. Mum akaenda kusaidia, kwa sababu dada akiwa kazini nani atakuwa nyumbani mtoto akitoka shule. Na mimi nikabaki, kwa sababu kuna kibanda na kuna ng'ombe, na ng'ombe haikodishiwi chumba Kerugoya.

Wiki ya kwanza nilikuwa napika githeri, mahindi na maharagwe, ya watu wanne. Mkono ilikuwa inapima yenyewe. Nilikuwa nakula hiyo githeri siku tatu, kwa meza ya viti sita, na asubuhi ukungu ya huku kwetu Tetu inakuja mpaka kwa dirisha unadhani hata mlima imehama na wao.

Simu ikapigwa siku ya nne. Dada, na nyuma yake mtoto anapiga nduru ile yake ya juu kabisa.

"Hataki chai. Hajakunywa tangu tufike. Anamwaga."

"Kwa kikombe gani?"

"Kikombe ni kikombe!"

"Wewe ulizaa huyu mtoto ama ulimpata sokoni? Yake ni ile ya kijani."

"Iko huko kwako."

Ni kweli ilikuwa kwangu, imeanikwa juu chini kwa rafu. Nilitaka kulia, nikarekodi badala yake. Nilikuwa nimeona siku moja, kwa simu, walimu wa mbali wakifundisha watoto kama yeye na video fupi. Hawahutubii. Wanaonyesha tu mtu akifanya kitu moja, pole pole, mtoto anatazama mara nyingi, kisha anafanya. Kiingereza yao ni ya mbio, nilikuwa narudisha nyuma mpaka ieleweke, kwa kibanda, mteja akikohoa mlangoni. Hakuna mtu alinifundisha. Nilijifunza simu ikae urefu wa macho ya mtoto. Nilijifunza kuondoa vitu za rangi nyuma. Nilijifunza kunyamaza, na hiyo ndio ilikuwa ngumu, muulize mtu yeyote wa Giakanja.

Kwa hiyo: mikono yangu, kikombe ya kijani, chai inamiminwa, napuliza mara mbili, nakunywa. Kikombe yenyewe nikaituma na mtu anayepeleka mboga Sagana, dada akaichukua huko. Video ikafika kwanza. Mum aliniambia mtoto aliitazama mpaka betri ikaisha, ikachajiwa, akaitazama tena. Na kikombe ilipofika akanywa.

"Amekunywa!" mum akapiga kelele kwa simu. "Yote! Lakini sasa anakohoa."

"Anakohoa vipi?"

"Kabla ya kunywa. Anakohoa mara moja, hivi, kama diwani anataka kuhutubia, halafu anakunywa."

Nikaangalia video yangu. Kabla ya kuinua kikombe, moshi ya jiko ilikuwa imenishika kooni. Nilikuwa nimekohoa. Mara moja.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikaelewa kwamba huyu mtoto hachagui. Kile mikono yangu inafanya, anachukua yote, na vumbi yake. Mpaka leo hanywi chai bila kukohoa kwanza. Dada alisema nirekodi ingine bila kikohozi. Nilikataa. Nilisema itamchanganya. Ukweli ni kwamba nilipenda kujua kuna nyumba Kerugoya ambapo kila asubuhi kikohozi yangu inasikika.

Nikarekodi zingine. Kufunga kiatu. Kuvaa sweta ya shule. Kutundika begi. Na kunawa mikono. Hiyo ya kunawa ndio ilileta mambo.

Mum alikuwa amekuja nyumbani wikendi moja kuona ng'ombe. Nikamwambia, mum, hebu tufanye ya kunawa, shule ikifunguliwa lazima anawe kabla ya chakula. Na sasa sikiliza, kwa sababu mtu wa mji hataelewa. Kwetu mtu hanawi peke yake. Maji ya huku ni baridi ya kukata vidole. Watu wakikaa kula, mmoja anaamka na jagi ya maji moto, beseni kwa mkono ingine, taulo kwa bega, anakuja kwako. Wewe unanyoosha mikono tu. Anakumwagia, unasugua, anakumwagia tena, unasema asante. Hivyo ndivyo mtoto alikuwa ameoshwa mikono tangu azaliwe. Hivyo ndivyo nilirekodi. Mikono yangu imenyooka, inangoja. Kutoka upande wa kulia jagi ya bluu inaingia, na mkono ya mum. Maji. Sabuni. Maji. Taulo. Nilijivunia hiyo video kuliko zote. Mwanga ilikuwa safi, na jagi ilikuwa inatoa mvuke. Mum aliporudi Kerugoya akaibeba hiyo jagi.

Shule ikafunguliwa. Wiki ya kwanza wakampa nafasi azoee, akawa anarudi nyumbani kabla ya saa sita. Jumatatu iliyofuata akaanza kukaa siku nzima, na jioni dada akanipigia.

"Amekataa kula shuleni. Mwalimu anasema anafika kwa mfereji, ile bomba ya kunawia, anasimama tu. Wakimshika mkono wamwoshe anaanguka chini na nduru. Wakimpa sahani bila kunawa anaisukuma."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani anakula vizuri. Mwalimu anasema hawezi kukaa na mtoto mwenye njaa mpaka saa tisa. Anampa wiki mbili. Asipokula, tumtoe, tujaribu mwaka ujao. Na mimi siwezi kuacha kazi. Akitolewa, nitamrudisha huko kwako. Yeye na mum."

Nakuambia vile ilikuwa, sitakupaka mafuta. Aliposema "kwako", moyo yangu iliruka.

Kisha akanitumia klipu mwalimu alikuwa amerekodi. Uwanja ya shule, mfereji kwa ukuta, watoto wengine wananawa na kukimbia. Na yeye hapo, sweta yake imefungwa vizuri kama nilivyomfundisha, mikono yake miwili imenyooka mbele. Hagusi mfereji. Anaangalia upande wa kulia. Watoto wote wakaisha. Mfereji ikabaki inadondoka tone, tone, na yeye amesimama na mikono yake mbele, anaangalia kulia.

Nilijua kabla klipu haijaisha. Alikuwa anangoja jagi.

Hakuwa amekataa chochote. Alikuwa anafanya vile nilimwonyesha, hatua kwa hatua, na hatua ya pili ni mtu anakuja. Nyumbani mum alikuwa anakuja na jagi, ndio maana hakuna mtu alishuku. Shuleni hakuna mtu alikuja.

Ningepiga simu hapo hapo. Ningesema neno moja tu: jagi. Mwambieni mwalimu amwagie na jagi, kesho mtoto ale, mimi nikitayarisha video ingine. Neno moja. Dada alikuwa bado ananiuliza kwa ujumbe, "Umeona? Unafikiri ni nini?"

Nikaandika, "Bado naangalia."

Jumanne mchana nilifunga kibanda nikaenda nyumbani kurekodi. Nilisimamisha simu karibu na tanki, urefu wa macho ya mtoto. Nikafungua mfereji mwenyewe. Nikalowesha mikono. Nikafunga. Sabuni. Nikafungua tena, nikasuuza, nikafunga, nikakung'uta. Hakuna mtu mwingine kwa hiyo picha. Maji ilikuwa baridi mpaka vidole zikawa nyekundu, na katikati ya kusugua pua ikaanza kuchuruzika, na mikono imejaa povu, nikavuta kamasi nikajipangusa na bega. Nilisema ni baridi. Nilikuwa nasema na nani, sijui, kulikuwa na ng'ombe tu. Nilifikiri bega haiko kwa picha.

Video ilikuwa nzuri. Fupi, safi. Nikaiweka kwa simu, na simu nikaiweka kwa mfuko.

Jumanne jioni dada akauliza. Nikasema bando imeisha. Mtu anayeuzia watu bando, ati bando imeisha. Jumatano nikasema mtandao ni mbaya, ni ukungu. Alhamisi sikushika simu. Hizo siku tatu niliosha blanketi ya mtoto nikaianika kwa ua. Nilitengeneza kitanda yake. Nilimwambia jirani ninayemuuzia maziwa, "Kuna uwezekano watu wangu warudi," na nilipenda vile ilisikika mdomoni.

Kwa kibanda kuna saa ya ukuta. Saa saba mchana nilikuwa naiangalia. Nilikuwa najua vizuri kile kinaendelea saa saba huko Kerugoya. Najua hata mkono gani alikuwa anatangulia kunyoosha. Na mimi niliketi kwa kiti yangu nikafungua sahani yangu nikala. Ungefikiri chakula ilikataa kushuka. Haikukataa. Nilikula, siku zote tatu.

Sasa unataka kusikia kwamba Ijumaa dhamiri iliniamsha. Kilichokuja Ijumaa ni yule mzee na karatasi zingine.

"Kairitu, mwanafunzi wako wa simu anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Nimesikia kwa jirani wako kwamba anarudishwa." Hakuwa anafurahia, hiyo nakubali. Aliweka kofia juu ya mashine. "Usijilaumu. Nilikwambia. Video haiwezi."

Damu ikanipanda mpaka kwa masikio. "Haiwezi?"

"Mama, umejaribu. Lakini haiwezi."

"Mwalimu, simama hapo. Usiende. Simama uone." Nikatoa simu. Kwa hasira nikakosea mara ya kwanza nikaelekea kuituma kwa mteja wa picha za pasipoti. Nikampata dada. Nikatuma. Nikaandika: "Muonyeshe hii wikendi yote. Nyumbani mfiche jagi. Mum asimmwagie tena hata akinyoosha mikono. Mnisikie, hata akilia." Kisha nikamgeuzia mzee skrini. "Jumatatu utakuja hapa nikuambie kama haiwezi."

Akatazama ile video mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Akasema, "Hapa uko peke yako."

"Ndio maana yake," nikasema, na nikampigia kopi zake.

Kwa hivyo ni hasira iliituma. Upendo ndio ilikuwa imeiweka kwa mfuko siku tatu. Nimejaribu kuipanga vingine, haipangiki.

Jumatatu saa nane kasoro dada akapiga simu kutoka kazini, analia na kucheka. Mtoto alikuwa amefungua mfereji. Alikuwa amenawa, amefunga, amekula githeri yote na akachukua ya mwenzake. Mwalimu wa yuniti anauliza ni nani anatengeneza hizo video, anataka za watoto wengine. Nikasema, "Mwambie ni mtu wa fotokopi." Mzee hakuja siku hiyo. Alikuja Jumatano, nikamwambia, akanipa mkono, akaishika yangu kwa zake mbili. Ningependa angebisha kidogo.

Wiki tatu baadaye nilimwachia jirani ng'ombe nikaenda Kerugoya. Huko mlima iko upande ingine kabisa, nilishuka gari nikaitafuta nilikozoea kuiona, nikapata nyumba za watu. Mum alinikumbatia. Dada alikuwa amepika. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni anapanga vifuniko za soda. Niliketi karibu naye, nikaweka mkono yangu wazi chini, karibu na vifuniko. Aliipita akachukua kifuniko mwenyewe.

Wakati wa kula ukafika. Mimi sikufikiri. Niliamka, nikachanganya maji moto na baridi kwa jagi ile ya bluu, mum alikuwa ameificha nyuma ya mlango, nikatupa taulo kwa bega, nikachukua beseni. Nikasimama mbele yake.

Alisimama. Akanizunguka, kama mtu anazunguka kiti, akatoka nje kwa mfereji. Nilimfuata na jagi yangu mpaka mlangoni. Akafungua. Akalowesha. Akafunga. Sabuni. Akafungua, akasuuza, akafunga, akakung'uta. Halafu, na pua yake kavu kabisa, akavuta kamasi ambayo hakuwa nayo, akajipangusa na bega.

"Hebu muone," mum akasema nyuma yangu. "Hiyo ya pua sijui ametoa wapi. Homa hana. Kila mara akinawa lazima afanye."

"Sijui," nikasema.

"Na wewe mbona umebeba jagi?"

Nikamwambia anyooshe mikono. Nikammwagia, akasugua, nikammwagia tena, akasema asante. Ndani, mtoto alikuwa ameshaanza kula.

Dada hajawahi kujua. Nikimwambia hatanisamehe, na mimi ningekuwa yeye nisingesamehe, ningepanda mpaka Giakanja kunipiga. Sasa nimekuambia wewe. Usinitazame hivyo. Nyumba yako haina viti sita na mtu mmoja. Hujatengeneza kwa mikono yako kitu ya kumfundisha mtu wako asikuhitaji, ikakaa kwa mfuko yako, nzuri, tayari, na kidole yako juu yake. Wewe ungeituma siku gani?